Uzio wa Mabanzi wa Mwalimu Mligo

Hii nimetumiwa na mtu wa Mafinga, naye alitumiwa na mwingine, na huyo mwingine sijui aliipata wapi. Naipitisha kwako kama ilivyonifikia. Nimetia chumvi kidogo, lakini si mahali panapouma.

Nje kidogo ya mji huo, kule ambako lami inaishia na harufu ya mbao mbichi inaanza, aliishi mwalimu mstaafu aitwaye Obadia Mligo. Alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na mitano. Watoto aliowachapa sasa wana vitambi vyao na wanamwamkia kwa adabu barabarani. Mkewe aliitwa Yustina. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, anafanya kazi Mwanza, na hupiga simu Jumapili.

Mwezi wa nne Yustina akaugua, na kabla mvua hazijakatika akawa ameshazikwa.

Matanga yalijaa watu. Majirani walipika, walichota maji, walifagia uwanja, wakamvunia hata maharage bila kuambiwa. Kule watu wana tabia hiyo, hawaulizi. Mtu akiona jirani yake ameanza kazi, anachukua jembe na kuanzia upande wa pili, wanakutana katikati, wanakunywa chai. Kisha matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake, na Mwalimu akabaki na nyumba ya vyumba vinne na redio.

Hapo ndipo alipogundua mambo asiyoyajua. Mtu aliyeweza kukokotoa eneo la pembetatu akiwa amefumba macho hakujua ugali wa mtu mmoja unataka maji kiasi gani. Kila siku alisonga wa watu wawili, akala nusu, nusu akawamwagia kuku wa jirani. Kuku wale walinenepa. Yeye alikonda.

Mwenye kuku alikuwa Mama Lusungu, mjane wa siku nyingi, binti yake ameolewa Songea. Kati ya kiwanja chake na cha Mwalimu hapakuwa na kitu zaidi ya mawe mawili ya mpaka na majani ambayo kuku waliyachakura wapendavyo. Kila asubuhi mama huyu alitoka jikoni kwake kumwaga maji, na akishamwaga aliita.

"Mwalimu, umeamka?"

"Nimeamka."

"Haya."

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayo. Mwalimu hakuyahesabu hata kama mazungumzo. Aliyachukulia kama mtu anavyochukulia kengele ya shule, kwamba ipo tu.

Sasa Jumamosi moja mchana alikuwa anafua nje. Alikuwa ameingiza mkono kwenye kapu la nguo na kutoa kanga ya Yustina, ambayo hakujua imekaaje humo wiki zote zile. Hakuiweka kwenye maji. Alijifunika nayo usoni, akalia. Alilia kwa sauti, na povu la sabuni likamwingia machoni, akaendelea kulia.

Alipoinua kichwa alimwona Mama Lusungu amesimama hatua chache tu kutoka pale, ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani. Walitazamana. Mama yule aligeuka na bakuli lake akarudi alikotoka.

Mwalimu aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Mzee mzima, bukta imelowa, analilia nguo. Alijiambia kwamba kufikia kesho habari hii itakuwa imefika bombani, na kutoka bombani itafika kanisani, na Jumapili watu watamwangalia kwa yale macho ya kumhurumia kuku aliyevunjika mguu. Kama kuna kitu alichokuwa hawezi kukivumilia tena, ni macho ya watu. Palepale akaamua kujenga uzio.

Jumatatu alikwenda kwa fundi Gaudensi, mwenye kibanda chake karibu na mashine za kupasulia mbao. Alimweleza anataka kitu kirefu kumpita mtu, kisichoonyesha ndani, na kisichomaliza kiinua mgongo.

Gaudensi alikuwa fundi mwaminifu, jambo ambalo kwa mafundi wetu si la kupuuza. Alimwambia tofali ni ghali, asahau. Mabati yatapiga kelele upepo ukivuma na yatamfanya aamini ana wageni kila siku. Michongoma ni rahisi, ila itachukua miaka mitatu kufika kiunoni. Mbao za kupiga randa, zilizokaushwa na kutiwa dawa, ndizo nzuri hasa, lakini bei yake ilimfanya Mwalimu aangalie pembeni. Yakabaki mabanzi.

Kwa asiyejua, mabanzi ni vile vipande vya kando ambavyo mashine inavikata kwanza kwenye gogo, upande mmoja bapa, upande wa pili bado una gome la mti. Wengi wanapikia. Lakini ukiyasimamisha vizuri, ukayapigilia kwenye nguzo za mlingoti, yaani mkaratusi, ukapaka oili chafu chini kuzuia mchwa, unapata uzio wa heshima kwa bei ya mtu mnyonge.

"Ila ungoje," fundi alisema. "Haya yametoka kwenye mashine juzi. Yapange kivulini miezi miwili yakauke. Ukiyapigilia mabichi yatasinyaa."

Mwalimu alijibu kwamba hana miezi miwili. Gaudensi akamtazama, akaona hili si suala la mbao, akachukua futi kamba yake.

Kazi ilikwenda siku nne. Mama Lusungu aliiona tangu shimo la kwanza. Hakuuliza. Siku ya pili alimletea fundi chai na viazi vya kuchemsha, akamwekea kwenye jiwe la mpaka, akaondoka. Mwalimu alikuwa amesimama pale akijifanya anahesabu misumari.

Siku ya nne banzi la mwisho lilipogongwa, kiwanja kikawa kama chumba. Fundi akasema sasa Mwalimu anaweza kukaa uchi akipenda, na hakuna wa kumuuliza. Mwalimu alicheka, akaingia ndani, akalala vizuri.

Asubuhi yake alisikia maji yakimwagwa upande wa pili. Akasimama mlangoni. Hakuna aliyeita.

Akajiambia labda mwenzake ana mafua. Kesho yake maji yakamwagwa tena, na baada ya maji kukawa kimya. Siku ya tatu hakusimama mlangoni tena, alisikilizia kitandani, ili isionekane kwamba anangoja, ingawa hapakuwa na mtu wa kuona kama anangoja au hangoji.

Uzio ulifanya kazi yake sawasawa. Hakuna aliyemwona akifua. Hakuna aliyemwona akipika, wala akipitiwa na usingizi kwenye kiti saa tisa mchana mdomo wazi. Alilia alipotaka. Kisha akaona hata kulia kumepungua ladha, kwa sababu mtu akijua kabisa kwamba hakuna atakayesikia, anafika mahali anajichoka. Zilipita siku ambazo neno la kwanza kutoka mdomoni mwake lilikuwa la jioni, nalo alimwambia mtangazaji wa redio.

Mwezi wa saba ukaingia. Wanaoijua Mafinga wanajua mwezi wa saba. Mvua hakuna, jua ni la kuazima, na upepo mkavu unakausha hata mate. Mabanzi yakasinyaa kama alivyosema fundi. Kati ya banzi na banzi ukajitokeza mwanya, mahali pengine wa unene wa kidole, mahali pengine wa vidole viwili. Gaudensi alipita siku moja akaangalia, akauliza kama Mwalimu alimwagiza uzio au chanuo.

Mwalimu alinuna kwa nje. Lakini moyoni, na hili hakumwambia mtu, alifurahi. Kupitia mianya ile aliona gauni la bluu likipita. Aliona kuku. Aliona mkono ukianika mboga kwenye ungo, na moshi wa jikoni ukitoka. Ulikuwa upande wa dunia wenye mtu.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameshaonekana na watu akijenga, na fundi ameshamcheka. Mtu aliyejenga uzio halafu akauacha na mianya anaonekana hajui anachotaka. Basi akachukua vipande vyembamba vya mbao vilivyobaki na kuanza kuiziba, akianzia upande wa barabarani. Alikwenda polepole makusudi. Mwanya mmoja leo, mmoja kesho, kesho kutwa anapumzika kwa sababu ya mgongo. Na ule mwanya mpana kuliko yote, uliotazamana na mlango wa jiko la Mama Lusungu, aliupangia kuwa wa mwisho. Kusema kweli aliupanga usifikiwe kabisa.

Jioni moja aliporudi kutoka sokoni akakuta mianya mitatu ya upande wa bondeni imezibwa.

Hakuiziba yeye. Ilikuwa imezibwa kutoka nje, kwa vipande vilivyopigiliwa vizuri kuliko vyake. Alipitisha kidole juu yake. Akaelewa, au alidhani ameelewa. Mama Lusungu hataki kumwona.

Nakwambia hapo ndipo Mwalimu alipoonja upweke wenyewe. Mwanzo alikuwa mtu aliyejificha, na aliyejificha bado anaamini kuna anayemtafuta. Sasa aliona kwamba upande wa pili nako kuna mtu mwenye haraka ya kumfungia nje. Akakasirika. Akaacha kupumzika kwa ajili ya mgongo, akaziba miwili kwa siku. Upande wa pili nako wakaziba miwili. Yeye akitoka barabarani kuja katikati, mwenzake akitoka bondeni kuja katikati, na nyundo zikawa zinasikika kwa zamu mchana, kama watu wanaojibizana, isipokuwa hakuna aliyekuwa anasema kitu.

Ukabaki ule mwanya wa jikoni.

Mwalimu hakuugusa. Siku ya kwanza alikaa kwenye kigoda mahali anapoweza kuuona, akasubiri. Haukuzibwa. Siku ya pili haukuzibwa. Akaanza kuwa na tumaini, na mtu mzima akishaanza kuwa na tumaini kwa sababu ya nafasi ya vidole viwili, mwonee huruma.

Siku ya tatu saa sita mchana alisikia hatua. Aliona gauni la bluu likisogea mpaka likajaza mwanya wote. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi za mama yule, na harufu ya moshi wa kuni kwenye nguo zake. Ilibaki atamke neno moja tu. Hata lile la kila siku lingetosha, kwamba ameamka.

Alinyamaza. Kipande cha mbao kikawekwa, mwanga ukakatika, nyundo ikagonga mara nne.

Wiki tatu zikapita. Sitazisimulia kwa sababu hazikuwa na kitu.

Kisha Jumatano moja asubuhi alisikia gari likizima upande wa pili, watu wakisema shika huku, inua kule. Alisikiliza mpaka akashindwa kukaa. Akavaa shati, akatoka barabarani na kuzunguka. Tangu uzio uishe hakuwahi kuzunguka, na alishangaa kuona ni hatua arobaini tu.

Gari dogo la mizigo lilikuwa uani limeshapakiwa godoro, kabati, masufuria na tenga la kuku. Binti wa mama yule, Lusungu mwenyewe, alikuwa anafunga kamba. Akamwamkia, shikamoo baba, na Mwalimu akaitikia marahaba bila kumtazama. Lusungu akaeleza kwamba amekuja kumchukua mama akaishi naye Songea. Nyumba wameshampangisha mtu, anaingia mwisho wa mwezi.

Mama Lusungu akatoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Mwalimu alikuwa amejipanga kuaga kistaarabu, lakini lililotoka lilikuwa lile lililokuwa limemkaa kooni.

"Naona kazi yako ya kuziba umeimaliza. Sasa unaweza kwenda kwa amani."

Mama Lusungu akasimama. "Kazi yangu? Si ilikuwa kazi yako, Mwalimu?"

"Uliziba mingi kuliko mimi."

"Nilikuwa nakusaidia."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayeshangaa kwamba jambo hili linahitaji kuelezwa. Ile Jumamosi alipomkuta analia, alijua ameingia mahali asipotakiwa. Mwalimu alipojenga uzio, alisema moyoni kwamba mwenzake anataka mahali pa kulilia, na yeye mwenyewe alipofiwa alitamani sana mahali kama hapo, hakupata. Akaacha kumwita asubuhi ili asimsumbue. Mabanzi yalipoachia mianya akamwona anahangaika kuiziba, mara anashika mgongo, mara anakaa. Basi akatafuta vipande na misumari, akaanzia upande wa pili. Nani asingefanya hivyo kwa jirani?

Mwalimu akageuka kuutazama uzio.

"Na ule wa mwisho?" akauliza.

Mama Lusungu aliangalia chini. "Ule ulinishinda. Nilikuwa nakuangalia asubuhi nione kama umeamka salama. Nilikaa siku mbili nikingoja uuzibe mwenyewe. Ulipouacha nikajua umechoka."

"Sikuwa nimechoka. Niliuacha."

"Uliuacha kwa nini?"

Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na mitano, aliyewahi kuhutubia mkutano wa wazazi na mkuu wa wilaya akiwepo, alitafuta maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. "Ili nikuone," akasema. "Sikuwa na mtu mwingine wa kumwona."

Mama yule akajifuta mikono tena, ingawa ilikuwa imeshakauka. Lusungu alikuwa ameacha kufunga kamba.

"Ungesema, Mwalimu," Mama Lusungu alisema. "Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikamwambia mwanangu aje anichukue. Nilidhani mimi ndiye nimeachwa."

Hapakuwa na la kurekebisha. Nyumba ilikuwa na mpangaji, gari lilikuwa na mzigo, na huko Songea kulikuwa na mjukuu anayemngoja bibi. Walishikana mikono. Mama Lusungu akasema angemwachia kuku mmoja kama angejua mapema, lakini sasa wameshafungwa wote pamoja. Akapanda mbele, gari likaondoka, likakata kona ya kwenye mashine za mbao, likapotea.

Mwalimu alibaki barabarani. Mbele yake ulisimama uzio, umenyooka, hauna hata tundu la kupitisha sindano. Ndio uzio bora wa mabanzi mtaa mzima, na aliufahamu sasa kuwa umejengwa na watu wawili waliokuwa wanatafutana. Aliutazama akalia palepale barabarani, mchana kweupe, bila kujificha.

Akatokea mama mmoja kutoka nyumba za bondeni, ndoo ya maji kichwani. Walikuwa wanafahamiana kwa sura tu. Mama akapunguza mwendo, akamsalimu kama watu wote wanavyosalimiana.

"Habari za nyumbani, Mwalimu?"

Wewe na mimi tunajua jibu lake. Hata mtu aliyeunguliwa na nyumba hujibu nzuri, kisha ndipo aeleze kwamba imeungua. Mwalimu alikuwa amejibu nzuri tangu mwezi wa nne, kwa kila aliyepita, na kila aliyepita alimwamini akaenda zake.

"Si nzuri," alisema. "Mke wangu amefariki, na jirani yangu ameondoka sasa hivi. Sina mtu wa kuongea naye."

Mama yule alisimama. Alimtazama uso ule uliolowa, kisha akaitua ndoo yake na kuiweka pembeni ya barabara, mahali isipoweza kumwagika.

"Mkeo alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Funzo: Watu wema watakusaidia kujenga chochote wanachokuona unakijenga, hata kama ni upweke wako mwenyewe. Unayemhitaji mwambie kwa mdomo wako, angali yupo wa kukusikia.